Dirisha la Korido

Lifti ya jengo lile ilikuwa imebandikwa karatasi ya kuomba radhi, na studio ilikuwa ghorofa ya nne. Sajini Odile Charlebois alipanda ngazi taratibu, mkono mmoja kwenye reli, magoti yakimsuta kila hatua. Juu alisimama mlangoni, akavua kofia ya sufu, akapangusa theluji iliyoyeyuka shingoni. Alijiuliza tena kwa nini alikubali kurithi faili la mtu mwingine wakati la kwake la kustaafu lilikuwa mezani likisubiri sahihi tu.

Faili lilikuwa la mpelelezi mwenzake, Lemire. Lemire alikuwa ameshastaafu, yuko Florida anaota jua kama mjusi, na kesi aliyoiacha kila mtu aliihesabu imekwisha. Mzee Euclide Desrosiers, dereva wa basi mstaafu, aliokotwa sakafuni jikoni kwake, mtaa wa Villeray, Montreal, kichwa kimepasuka, kando ya jiko la chuma na spana ya fundi bomba. Daktari alisema huenda alianguka akajigonga kwenye jiko, huenda alipigwa. Jeraha halikutaka kusema zaidi ya hapo. Spana ilikuwa ya mpwa wake, Mathurin Lacasse, aliyekuwa akimtengenezea koki asubuhi hiyo. Mathurin alidai alitoka kwenda kununua mpira wa koki, akarudi akamkuta mjomba chini. Hakuna aliyemsadiki, kwa sababu mpwa wa pili, Régis Pomerleau wa mji wa Sherbrooke, alisema alimwona kwa macho yake akiinua spana.

Tangu Aprili Mathurin alikuwa rumande. Sasa ilikuwa Februari, na kesho mchana angekiri kuua bila kukusudia.

"Ameua?" Odile alimwuliza wakili wa Mathurin kwa simu.

"Amechoka," alijibu Wakili Coulombe. "Anasema ni afadhali ajue anatoka lini kuliko kurudia maneno yale yale kwa watu wasiosikia. Akishatia sahihi, sajini, hata ukinijia na malaika mkononi sitaweza kumtoa."

Kuchoka Odile alikuelewa. Ndiyo maana alikuwa amepanda zile ngazi.

Damien Fiset alimpokea akiwa na slipa za manyoya miguuni na kikombe cha kahawa kila mkono, kimoja cha mgeni. Kazi yake ilikuwa kujenga ndani ya kompyuta vyumba vya gemu, vyumba ambavyo hakuna atakayelala humo. Alikuwa mpangaji wa ghorofani kwa Mzee Euclide, na mzee alimruhusu kupima nyumba yake chumba kwa chumba, kwa ajili ya gemu moja ya Montreal ya zamani. Alimshikia hata ncha ya futi.

"Lemire alibandika ramani yako kwenye faili," Odile alisema. "Mwendesha mashtaka ataionyesha mahakamani. Nataka kutembea humo."

"Karibu, afande. Vua viatu tu," Damien alisema, akacheka peke yake. Kisha akaona aibu. "Samahani. Mzee ndiye aliyekuwa akiniambia hivyo kila nikija."

Skrini ikawaka, na Odile akajikuta amesimama kwenye mlango wa mbele wa Euclide Desrosiers. Korido ilinyooka hadi jikoni, vyumba vyote kulia. Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha la kushoto lenye chungu cha maua mekundu, likalala sakafuni hadi kizingiti cha jikoni. Ilikuwa nyumba ya kupendeza. Odile alifikiria yake mwenyewe, yenye masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu talaka.

"Milango mipana," alisema.

"Lazima. Kamera inakaa nyuma ya bega la mchezaji. Ukijenga mlango kwa kipimo cha kweli, kamera inakwama kwenye fremu, mtu anajiona kama ng'ombe kwenye uchochoro. Kwa hiyo tunapanua."

"Basi hii si nyumba yenyewe."

"Ni yenyewe! Nimepima kila ukuta." Damien aliuma mdomo. "Milango nimeipanua, dari nimeipandisha. Na milango yote nimeigeuza ifunguke kwenda mbele, kwa kusukuma, maana ukiuvuta unampiga mchezaji usoni. Basi. Mengine yote ni ya mzee."

"Una hakika? Hujaongeza kitu, hujapunguza?"

"Kitu gani tena, afande? Namheshimu yule mzee."

Odile aliandika *milango* akaipigia mstari. Shahidi alisema alisimama mlango wa mbele akaona hadi jikoni. Kwenye mlango mpana kila mtu anaona. Kwenye mwembamba, je?

"Picha hizi nani mwingine anazo?"

"Ofisini hapa tu. Na wale wapwa wawili." Damien alitazama slipa zake. "Baada ya mazishi niliwatumia, kama rambirambi. Unaweza kutembea humo nyumbani kwako, kwenye kompyuta ya kawaida tu. Mathurin hakuiona, alishakamatwa. Yule wa Sherbrooke alinishukuru sana. Alisema anaingia kila siku."

Nyumba ya kweli ilikuwa na baridi na harufu ya kufungiwa. Warithi hawakuruhusiwa kuigusa hadi kesi iishe, kwa hiyo kila kitu kilikuwa pale pale, pamoja na koki ya jikoni, ambayo bado ilidondosha tone, ikapumzika, ikadondosha jingine. Odile alipapasa ukuta hadi akapata swichi. Alivuta futi ya chuma, akapiga magoti kwa kulalamika, akapima mlango wa jikoni. Ulikuwa mwembamba kweli, na ulifunguka kuja koridoni, kwa sababu jikoni kwenyewe hapakuwa na nafasi ya mlango kuzunguka.

Alirudi mlango wa mbele, akasimama pale shahidi alipodai kusimama. Akatazama.

Aliona jiko. Aliona sinki, na kizingiti chote. Mlango mwembamba haukuzuia chochote, maana ulikuwa umetazamana na wa mbele ana kwa ana.

"Mavi," alisema Odile Charlebois kwa sauti ya kawaida, akakaa juu ya kabati la viatu la marehemu. Safari yote ile, na ngazi zote zile, kwa mlango ambao haukuwa na neno.

"Nani huyo anatukana nyumbani kwa Euclide?"

Mlangoni alisimama bibi mmoja mfupi, koti la mumewe mabegani, sufuria yenye mfuniko mkononi. Alikuwa Huguette Archambault, jirani wa nyumba iliyoshikana na hii kwa upande wa kushoto. Alikuwa na ufunguo wa akiba na aliutumia bila kuuliza mtu.

"Polisi, mama."

"Polisi mwingine? Yule wa kwanza alikuja usiku na mataa yake ya kupigia picha, akanikanyagia zulia, akaenda zake. Umekula? Hujala, unaonekana. Hii supu ya njegere, nilidhani ni yule Damien wa juu. Shika."

Odile alishika. Mtu aliyekula chumvi nyingi vile habishiwi.

"Mathurin hakumuua mjomba wake," Huguette alisema. "Andika hilo. Yule mtoto alikuwa akija kila wiki. Huyo mwingine sijapata kumwona hata kope."

"Régis? Yeye amesema alikuwa akija mara nyingi."

"Alikuwa akija kwa njia gani, kwa bomba la moshi? Kuta hizi nasikia hata Euclide akikohoa. Aligombana na mjomba wake kabla ya nyumba hii kununuliwa, wala hawakupatana."

"Neno lako na neno lake, mama. Yeye amelisema kwa kiapo."

"Basi na mimi niapishe."

Odile alicheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo. Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa amekuja na hakuwa na mwingine wa kumsimamisha, alimwomba bibi aende akasimame kwenye kizingiti cha jikoni, amtazame yeye. Alizima taa, kwa sababu Régis alisema taa hazikuwashwa. Akasoma maelezo kwa mwanga wa simu: *Korido ilikuwa na jua. Mathurin alikuwa kizingitini, ameinua spana, jua limempiga usoni. Ndiyo maana nina hakika ni yeye.*

Aliinua macho. Mwisho wa korido kulikuwa na umbo la mtu, jeusi tii, dirisha la jikoni likiwaka nyuma yake.

"Mama, inua mkono."

"Nimeinua zamani. Na ulimi nimekutolea, hukuona?"

Odile hakuona ulimi. Hakuona hata kama yule ni mwanamke. Akageukia ukuta wa kushoto, akauwekea kiganja. Ulikuwa mzima, wenye karatasi ya maua yaliyofifia, kuanzia mlango wa mbele hadi jikoni.

"Mama Huguette, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Kabati langu la nguo. Kwa nini?"

Walikwenda upande wa pili kupitia barazani, Huguette akitangulia na kulalamikia barafu. Odile aliingiza kichwa kati ya magauni yenye harufu ya dawa ya nondo na koti la harusi la marehemu bwana Archambault, akagonga. Sauti ilikuwa ya tofali. Ukuta huo ulikuwa wa nyumba zote mbili tangu zijengwe, na hakuna mwehu aliyewahi kufungua dirisha humo ili amtazame jirani akivaa.

Alimpigia simu Damien akiwa bado kabatini.

"Dirisha la korido," alisema. "La kushoto. Lenye maua."

"Ndiyo, afande?"

"Nyuma yake kuna nini?"

"Nyuma yake? Hakuna kitu. Taa tu, nimeitundika hewani."

"Kijana wangu, nilikuuliza kama umeongeza kitu."

Damien alisikika kushangaa kweli kweli. "Lakini hicho si kitu, afande, huo ni mwanga! Korido ndefu yenye giza mchezaji haingii. Anageuka. Kwa hiyo unatoboa ukuta pale unapotaka atazame, anafuata jua mwenyewe. Kila mtu anafanya hivyo, hatuiti hata mabadiliko. Maua nimeyaweka kwa sababu..." Odile alisikia kikombe kikiwekwa mezani. "Mungu wangu. Ule ukuta ni wa Bi Huguette."

"Ni wa Bi Huguette," alisema Odile. "Nimesimama katikati ya magauni yake."

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Régis Pomerleau alifika Villeray kwa wakati, koti zuri, nywele zimechanwa. Mwendesha mashtaka alikuwa amemwita mjini, na Odile alimwomba apitie kwenye nyumba kwanza, amkumbushe mambo mawili matatu. Konstebo mmoja alisimama barazani. Odile aliwasha kinasa sauti, akamweleza Régis kuwa kila neno linarekodiwa, kwamba halazimiki kusema, na kwamba akitaka wakili atamngoja.

"Wakili wa nini? Mimi ndiye shahidi."

"Ni utaratibu tu, bwana."

Alimpitisha mlango wa mbele. Taa zilikuwa zimezimwa, na mlango wa jikoni umefungwa. Régis alisita kidogo kwenye giza, mkono umenyooshwa mbele.

"Ulikuwa ukija hapa mara nyingi," Odile alisema.

"Mara nyingi. Kwa siri. Wazee wana kiburi, hakutaka watu wajue tumepatana."

"Nenda jikoni, tafadhali. Nifungulie mlango."

Régis alitembea, akafika, akashika kitasa, akasukuma. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa bega.

"Umekwama," alisema. "Umevimba kwa unyevu."

"Vuta."

Alivuta, ukaja. Mwanga wa jikoni ukamwangukia kifuani aliporudi nyuma, na tone likaanguka sinkini. Odile alingoja. Alikuwa amejifunza zamani kwamba mwongo ukimwachia kimya atakijaza mwenyewe.

"Siku ile ulikuwa wazi," Régis alisema. "Ndiyo maana sikumbuki unavyofunguka."

"Sawa. Rudi ulipokuwa umesimama. Nieleze ulivyomwona."

"Nimeshaeleza. Alikuwa pale. Jua limempiga usoni."

"Jua la wapi?"

"La dirishani."

"La jikoni?"

"Hapana, lile liko nyuma. La hapa koridoni." Sauti ilianza kujiamini tena, kama ya mtu aliyerudi kwenye somo alilolikariri. "Kushoto. Mjomba alikuwa na chungu cha maua pale, maua mekundu. Alikuwa akiyapenda sana."

"Alikuwa akiyamwagilia mwenyewe?"

"Kila asubuhi."

Odile alihisi uchovu wa miaka yote ukimshukia mabegani kwa pamoja. Angependa walau mara moja mtu aache kujichimbia kabla hajafika kiunoni.

"Nionyeshe," alisema.

Régis aligeuka kushoto. Alitazama karatasi ya maua yaliyofifia. Alitazama juu kidogo, akatazama chini, akarudi hatua moja, akaenda mbele mbili. Mkono wake uliupapasa ukuta. Haukuwa na alama wala plasta mpya.

"Wameziba," alisema.

"Nani?"

"Mathurin. Au... sijui. Wameziba."

Odile aligonga ukuta kwa fundo la kidole mara tatu.

Upande wa pili, kutoka ndani ya kabati la nguo, Huguette Archambault aligonga mara tatu. Kisha akaongeza moja ya kwake mwenyewe.

"Tumo humu!" ilisikika sauti yake, ikiwa imezibwa na magauni. "Njia ya mwongo fupi! Mwambie!"

Régis aliondoa mkono ukutani kana kwamba ulikuwa wa moto. Aliteleza taratibu mgongo ukisugua ukuta hadi akakaa sakafuni, koti zuri likikunjamana chini yake.

"Lipo," alisema. "Nimelipita kila siku. Nimekaa chini yake."

"Kwenye kompyuta."

Régis aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa wapi asubuhi ile, bwana Pomerleau?"

"Sherbrooke. Nyumbani." Alifuta pua kwa kiganja. "Hakuwahi kunikaribisha. Mathurin alikuwa na ufunguo, Mathurin anatengeneza koki, Mathurin anakula supu. Mimi hata sikujua sakafu ina rangi gani. Halafu yule kijana akanitumia nyumba nzima. Nilizunguka humo mpaka nikaijua kuliko yeye. Nikaona... nikaona ni haki yangu na mimi niwe nimefika."

"Na Mathurin?"

"Walishamkamata. Walishasema ni yeye. Nilidhani nasaidia tu kusema lililopo." Sauti ilizidi kushuka. "Na akipatikana na hatia harithi. Hilo pia nililifikiria. Sitasema sikulifikiria."

"Jibu swali moja, kwa ajili ya kinasa. Ulimwona nani kwenye kizingiti kile?"

Koki ikadondosha. Régis alitazama jikoni, chumba alichokiona kwa macho yake kwa mara ya kwanza maishani.

"Sikumwona mtu," alisema.

Odile alimwita konstebo. Alimsomea Régis haki zake upya, mara hii si kama shahidi, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Aliwaza jinsi atakavyoandika taarifa: hakuna muuaji. Kuna mzee aliyeteleza karibu na jiko lake mwenyewe wakati mpwa wake yuko dukani, na mpwa mwingine aliyetaka sana kuwa ndani ya nyumba. Hata kumchukia hakuweza sawasawa, na hilo lilimwudhi.

Walipoondoka alimpigia simu Wakili Coulombe.

"Ametia sahihi?"

"Kalamu iko mkononi. Niko naye hapa. Umeniletea malaika?"

"Nimekuletea ukuta. Mwambie aiweke chini hiyo kalamu. Shahidi hakuwahi kuingia humu ndani, nimelirekodi kwa mdomo wake. Nakuja na kanda sasa hivi."

Odile aliibana simu sikioni. Kwa mbali alisikia wakili akisema maneno, kisha sauti ya mwanaume ikiuliza jambo kwa upole. Huguette alikuwa ameingia bila kubisha, akasimama jikoni, mikono kiunoni, akiitazama koki.

"Sajini," wakili alirudi kwenye simu. "Kaweka kalamu. Analia tu. Amesema jambo moja, sijui lina maana gani. Anauliza, ile koki ya mjomba bado inadondosha?"

Odile aliitazama. Tone lilikuwa linajikusanya kwenye mdomo wa chuma, likinenepa polepole, likaanguka.

"Inadondosha," alisema. "Mwambie mpira aliokwenda kununua uko kwenye sanduku la vielelezo kituoni, bado uko kwenye karatasi yake. Mwambie aje amalizie kazi yake."